Vita vya Siku Kumi na Mbili na Kiti cha Mjomba

Nyandira, Mgeta,
Morogoro.
Jumapili, 10 Agosti 2025

Mpendwa mdogo wangu Ernest,

Marahaba. Najua hukuniamkia, lakini mimi ni dada yako mkubwa, na nimeamua kuipokea shikamoo ambayo ungenipa kama ungekuwa unapokea simu zangu.

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Ohio, wewe, wifi yangu na watoto. Joto la huko nasikia mwezi huu ni kali. Kunywa maji, na ule mgongo wako usiuchezee na mizigo ya ghalani, maana kumbuka umeshavuka arobaini na tano.

Sisi hatujambo. Baridi ya Julai ilitukomesha mwaka huu. Ukungu ulikuwa unashuka saa tisa alasiri, hauondoki mpaka kesho yake saa nne. Mama magoti yanamsumbua, lakini bado anapanda mwenyewe mpaka shamba la juu, na ukimshika mkono anautoa. Shemeji yako Oscar amepona kile kikohozi. Njegere zimetoka vizuri, kabichi zimeliwa na wadudu, karoti tunashukuru Mungu.

Nimeamua kukuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu wewe husomi mpaka mwisho. Mtu akikuandikia mistari miwili unamjibu kwa video ya mzungu anayepiga meza. Karatasi haina mahali pa kubonyeza. Kesho naishusha Morogoro Mjini mpaka posta, na nikirudi nitalala usingizi, maana wiki nyingi nimeubeba mzigo huu kifuani.

Ernest, mmenitia kinyaa. Sisemi wewe peke yako, nasema ninyi nyote wa hicho chama, wa huku na wa huko, wa upande huu na wa upande ule. Nimetafuta neno la adabu zaidi nimelikosa.

Nisiwe mwizi wa fadhila. Ulipokuja likizo mwaka 2019 ukatuletea hicho chama cha huko, Walinzi wa Familia, mimi nilikuwa mtu wa tatu kuandika jina. Nilipenda kila kitu. Nilipenda sala ya pamoja jioni, simu kuzimwa wakati wa kula, vijana kutokaa pamoja kabla ya ndoa, wanaume kuwa nyumbani kabla giza halijaingia. Watu wa mjini walituita washamba na watu wa zamani, nikawaambia zamani ndiyo iliyonilea. Oscar aliacha pombe kwa sababu ya chama hicho, na hilo sitalisahau. Kitambaa cha kijani cha chama nilikivaa shingoni kila Jumatano kama mtu aliyepewa cheo.

Na mwenyekiti tuliyemchagua alikuwa Mzee Yohana, kwa maneno yako mwenyewe, maana wewe ndiye uliyesimama ukasema huyu ni mtu wa msimamo. Mwezi wa kwanza mwaka huu, barua ya posa ilipokuja kwamba Innocent wa Mzee Yohana anamtaka Jesca wetu, ulicheka kwenye simu mpaka ukakohoa. Ulisema Mungu amekujibu, mpwa wako anaingia nyumba ya Walinzi. Mama alikuwa pembeni yangu, alisikia.

Sasa nikukumbushe ilivyoanza, maana huko naona mnasahau haraka. Ilikuwa Jumapili ya Ekaristi, tarehe ishirini na mbili Juni. Tulikuwa kwenye maandamano, watoto wanamwaga maua mbele ya Sakramenti, kwaya inaimba, mara simu ya Joyce, katibu wetu, ikaanza kutetemeka ndani ya mkoba wake. Ikatetemeka mpaka tukafika lango la kanisa. Hakuvumilia. Alijibanza nyuma ya bendera ya Moyo Mtakatifu akasoma, kisha akawanong'oneza wa mbele yake, wa mbele wakawanong'oneza wenzao, na kabla baraka haijatolewa nusu ya maandamano walikuwa wanajua kwamba Marekani nayo imeingia vita vya Nchi Takatifu na Iran vilivyoanza siku tisa nyuma, imepeleka ndege ikapiga Iran. Hakuna aliyekuwa anamtazama Mwenyezi Mungu tena.

Wiki ile ile wakubwa wenu wa huko wakagawanyika. Mmoja akasema kila Mlinzi wa kweli lazima aunge mkono vita, kwa sababu ni kuilinda Nchi Takatifu. Mwenzake akasema chama kiliahidi kulinda nyumba kwanza, na anayepeleka watoto wa watu kufia nchi za mbali halindi familia ya mtu. Kila mmoja akatoa tamko lake, na kila mmoja akataka matawi yote ya dunia yatie sahihi. Tawi letu lina watu arobaini na mmoja, Ernest. Wengi wao hawajawahi kufika hata Dodoma. Na wewe ukaketi ukatafsiri tamko la vita kwa Kiswahili kizuri, ukamtumia Joyce, ukaandika juu yake kwa herufi kubwa kwamba asiyesaini si mwenzetu.

Mzee Yohana alikataa kusaini. Alisema, "Mimi siwezi kuweka sahihi kwenye vita ambavyo sipigani, sivilipii, wala sijui vilianzia wapi." Hapo nilimheshimu. Angeishia hapo ningemheshimu mpaka leo. Lakini siku tatu baadaye naye akawa ametafutiwa lile tamko la pili na mtu wa mjini, akalitoa nakala, akawa analigawa mlangoni mwa kanisa. Kwenye jumuiya yetu ndogo, mahali pa kusoma Injili, alisoma karatasi ile kuanzia juu mpaka chini, na waliotaka kuondoka aliwaangalia kwa jicho baya. Kwa hiyo usidhani nimehamia kwake. Aliniudhi vilevile.

Kuanzia hapo chama kikawa vipande viwili. Wa Joyce wanavaa kitambaa fundo mbele, wa Mzee Yohana fundo nyuma. Watu wanatazamana shingoni kabla ya kusalimiana. Nimeona kwa macho yangu mwanamke mtu mzima anasimama kwenye kona ya njia ya sokoni, anafungua fundo na kulifunga upya kwa sababu ameona ni nani anakuja.

Jumatano rozari ikawa mbili. Kila upande unasema groto, lile pango la Bikira Maria pale parokiani, ni yake, na kwa kuwa hakuna anayekubali kubadilisha saa, wanasali wote saa kumi, hawa kulia na hawa kushoto, kila kundi linapaza sauti limzidi mwenzake. Salamu Maria inarushwa kama matusi. Watoto waliokuwa wanatoka shuleni walisimama wakacheka. Mimi niliondoka katikati ya fumbo la tatu nikaenda kukaa nyuma ya choo cha parokia, na nakuhakikishia kulikuwa na hewa safi zaidi.

Mama alihudhuria mara moja tu. Joyce aliombea askari wetu, na Mama akaitikia kwa nguvu kuliko wote, maana alidhani ni wale vijana wetu wa jeshi waliopelekwa Kongo. Tulipomweleza njiani kwamba ni marubani wa Kimarekani, aliuliza kama hao hawana mama zao wa kuwaombea.

Nikueleze na habari ya beberu, uone tulipofika. Unalijua lile beberu la chama, lile dume jeupe la mbuzi wa maziwa ambalo ninyi wenyewe mlichanga tukalinunua, ili kila mwanachama apandishe mbuzi wake bila kuhangaika. Linatunzwa kwa Joyce. Mwezi uliopita mbuzi wa Yustina, yule mjane wa bondeni, aliingia joto. Yustina akamkokota mpaka kwa Joyce, mlima wote ule, na kufika pale Joyce akamwambia, "Dume ni la waliosaini." Yustina hana upande. Kosa lake ni kwamba marehemu mumewe alikuwa ndugu wa Mzee Yohana. Alirudi na mbuzi wake analia njia nzima. Watoto wa Yustina wanasomeshwa kwa maziwa. Kwa hiyo, mdogo wangu, hapa Nyandira yuko mbuzi ambaye hatazaa msimu huu kwa sababu ya Iran. Uwaeleze wakubwa wako huko, labda wataandika tamko.

Padre alipoona hivyo alivifungia vipande vyote viwili ukumbi wa parokia. Alisema kwenye matangazo, kwa sauti ya mtu aliyechoka, kwamba ukumbi umekusudiwa kwa Wakristo. Hakuna aliyeona haya. Kila upande ulidhani anausema upande wa pili.

Sasa nafika kwenye jambo lako. Tarehe nne Julai ulituma ujumbe wa sauti. Kama ungeutuma kwangu, tungegombana dada na kaka, yakaisha. Wewe uliutuma kwenye kundi la chama la mkoa mzima, lenye watu zaidi ya mia moja, wakiwamo wa Morogoro Mjini, Mikese na Dumila. Nimeusikiliza mara nyingi, naweza kukutajia neno kwa neno. Ulisema: "Mimi ndiye mjomba. Mpwa wangu haolewi kwenye nyumba ya wasaliti, na hilo ndilo neno langu la mwisho."

Jesca alikuwa mjini siku hiyo, kwa Mwanvita, fundi wa kushona gauni lake la harusi. Kitambaa kilikuwa kimetandikwa mezani, chaki imeshapita. Akaingia mteja, mwanamke asiyemfahamu kabisa, anasikiliza simu yake kwa sauti kubwa, na Jesca akaisikia sauti ya mjomba wake. Mteja anacheka, anasema kuna mzee mmoja Amerika ameharibu harusi ya mtu. Mwanvita alimwangalia Jesca akaweka mkasi chini. Aliniambia baadaye, "Dada Devotha, nilimuuliza nikate au nisikate, akakivuta kitambaa chake." Kitambaa kile kilikunjwa kikarudishwa kwenye mfuko, na mwanangu akapanda mlima amekipakata.

Hakulia, na hilo ndilo lililoniumiza. Alifika, akamwamkia bibi yake, akakaa akachambua njegere zote za kwenye ungo. Kisha akaniuliza, "Mama, mjomba anaijua sura ya Innocent?" Nikamwambia haijui. Akasema basi.

Na huyo Innocent, kama hujui, hana habari na matamko. Anaendesha Fuso la kabichi kwenda Dar usiku na mchana, baba yake akianza maneno yake yeye anakwenda kukagua matairi. Alimuuliza Jesca kama Iran wananunua kabichi. Alipoambiwa hapana, alisema basi hana shida nao. Huyo ndiye msaliti wako.

Ernest, kwetu sisi Waluguru mjomba si cheo cha kujivunia kwenye simu. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye mlango wa ukoo huo. Baba mzazi anaweza kusema ndiyo mchana kutwa, mjomba akinyamaza hakuna ndoa. Hii unaijua. Ndiyo maana ulipokuwa kijana ulilalamika kwamba wajomba zetu walikuwa wanakula mbuzi wa kila harusi. Wale wajomba uliowalalamikia walikuwa walevi, wengine walikuwa wagomvi, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kumnyima mpwa wake mume kwa sababu ya ndege za nchi nyingine.

Halafu nikuulize kitu ambacho kimenikaa kooni. Kijana wako wa kwanza ana miaka ishirini sasa, mzima, mrefu, nimeona picha. Kama vita hivyo ni vya imani na vinatulinda sote, umeshampeleka jeshini? Nilimuuliza wifi mwezi wa sita akaniambia yuko chuo anasomea mambo ya kompyuta. Namwombea amalize salama. Lakini mtu ambaye mtoto wake yuko darasani asitupangie sisi nani msaliti.

Na vita vyenyewe vilikwisha. Hilo ndilo linalonifanya nitake kutema mate. Vilichukua siku kumi na mbili, wakapatana wasipigane, ndege zikarudi nyumbani. Ujumbe wako ulikuja siku kumi baada ya vita kwisha. Wenyewe wameshaweka silaha chini, sisi huku Mgeta tunaingia mwezi wa pili tunanuniana.

Nilikupigia simu mara tisa. Kwenye ya kumi ukanitumia video. Nilipokuandikia kwamba mahari inaletwa tarehe ishirini na sita na wazee wanahitaji neno lako, au angalau umtaje mtu akukalie, ulijibu mstari mmoja: tusubiri tuone tawi litapiga kura vipi. Yaani ndoa ya mwanangu uliifanya mizani ya kupimia kura. Niliisoma nikaiweka simu kwenye pipa la mahindi, nikafunika.

Siku ile nilikivua kitambaa cha kijani. Ni kitambaa kizuri, pamba tupu, sikutaka kukitupa. Sasa hivi nachujia maziwa.

Basi tarehe ishirini na sita ikafika, Jumamosi. Mama alikuwa na mpango wake. Alikuwa amemtuma mtu Dumila bila kuniambia, na asubuhi saa mbili nikamwona Abdi anapanda njia na gunia la vitunguu begani, jasho linamtoka kwenye ile baridi. Abdi wetu, mwana wa Mama Mkubwa marehemu, uliyelala naye kitanda kimoja mpaka darasa la saba. Nafikiri hujampigia tangu uhamie huko. Alisema gari la abiria lilimwacha njia panda, akaona asichelewe, akatembea.

Wakaja wa upande wa Innocent, watu saba na mshenga wao. Tukawapa viti. Kiti cha mjomba tulikiweka pale kinapokaa siku zote, karibu na mlango, na kilikuwa kitupu. Mshenga akasalimu, akasifia nyumba, akazungukazunguka, kisha akasema, "Tumesikia mjomba yuko mbali, hilo si tatizo. Lakini tumesikia pia kwamba hataki. Sisi hatuweki mahari mahali ambapo mjomba hataki." Alikuwa na haki. Hata mimi ningesema hivyohivyo.

Mzee Yohana hapo angeweza kukaa kimya. Lakini alisimama, akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa ile karatasi yake. Akaanza kusema ameitwa msaliti mbele ya mkoa mzima, na kabla ya mahari ni lazima ieleweke nani alikuwa sahihi kuhusu vita. Jesca alikuwa nyuma ya pazia na mama zake wadogo, anasikia kila neno.

Abdi ndiye aliyemzima. Alisimama kwa heshima zote akasema, "Mzee, shikamoo. Hiyo karatasi naomba uirudishe mfukoni. Vita sivijui, mimi nimekuja kuozesha." Mzee Yohana alibaki ameishika, akatazama wenzake, hakuna aliyemsaidia. Akairudisha. Nadhani ndiyo mara ya kwanza tangu Juni mtu kumwambia hivyo, na nadhani alipumua.

Kisha Abdi akasogea kwenye kiti akakaa kwenye ncha kabisa, kama mtu aliyeazima. Akasema, "Mimi namshikia ndugu yangu Ernest nafasi yake. Akitulia atakuja mwenyewe." Aliyasema kwa upendo, nataka ujue hivyo. Alikuwa anakuachia mlango wazi.

Ndipo Mama aliposema. Hakusimama, magoti yalimkataa siku hiyo. Alisema, "Abdi, humshikii mtu. Ernest ana vita vyake. Mjomba wa Jesca ni wewe. Kaa vizuri."

Abdi alisema, "Mama, lakini Ernest ndiye." Mama akasema, "Kaa." Basi Abdi akasogea nyuma mpaka mgongo wake ukagusa kiti, na machozi yanamtoka. Oscar alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

Mahari ikapokelewa. Blanketi la mjomba akafunikwa Abdi mabegani, na Jesca akatolewa nje ya pazia, akapiga magoti mbele yake, akamwita mjomba. Kuanzia siku ile ndivyo ilivyo. Jesca akigombana na mumewe, akifiwa, akitaka kipande cha shamba la bibi yake, atakwenda Dumila kwa Abdi. Wewe umekulia hapa, sina haja ya kukueleza kwamba kiti kile mtu akishakalishwa na mama mwenye ukoo, hakirudishwi kwa simu.

Najua utakalosema. Utasema Abdi ni Mwislamu, na kwamba tumemkabidhi binti wa Kanisa kwa Mwislamu, tena wakati kama huu. Usiliseme, wala usimtumie ujumbe. Ukoo wetu unapita tumboni mwa mama, haukupita kanisani wala msikitini, na kabla hujatuletea chama tulikuwa tunakula sahani moja Idi na Krismasi bila kuulizana. Alisali adhuhuri yake kwenye chumba chako cha zamani, akatoka, akala wali pamoja nasi. Aliuliza tu kama unaendelea vizuri kiafya.

Ndoa itafungwa Jumamosi tarehe kumi na tatu Septemba, saa nne asubuhi. Mwanvita ameshakata kitambaa. Ukitaka kuja, njoo, nyumba ni yako, nitakupikia ile njegere ya nazi. Ila nikwambie mapema usije ukaona aibu mbele ya watu: utakaa na wageni wengine. Na hizo video uziache uwanja wa ndege.

Tawi letu halijapiga kura mpaka leo. Joyce na Mzee Yohana kila mmoja anasubiri mwenzake akose watu. Mbuzi wa Yustina nimempeleka kwa mtu wa Langali mwenye dume lake, tutaona. Sikupenda kuyaandika haya kwa hasira, lakini ningeyaandika bila hasira ungeyaona madogo.

Oscar anakusalimu sana. Jesca anakusalimu, ametamka mwenyewe, sikumlazimisha. Innocent anakuamkia ingawa hamjaonana. Yustina anakukumbuka tangu ulipokuwa unamvunia matunda damu bila ruhusa. Abdi anakusalimu kuliko wote, amesema nikuandikie mara mbili, kwa hiyo Abdi anakusalimu. Wifi na watoto wabusu kwa niaba yangu. Bikira Maria awafunike na awalinde na kila baya, hasa lile mnalojitafutia wenyewe.

Mama hajakutumia salamu. Nilimuuliza jana nikuandikie nini kutoka kwake, akainuka akaingia jikoni. Leo baada ya misa nikamuuliza tena. Akasema nikuulize wewe kwanza, kama bado unapokea salamu za mwanamke aliyewanyonyesha ninyi wawili, wewe ziwa hili na Abdi ziwa lile.

Ni mimi dada yako, ambaye bado anakupenda hata leo hii,

Devotha